Nyimbo za Mwalimu Mligo na Diski Niliyoifuta

Siku ya kuniaga kazini mlinipa saa ya ukutani na doti ya kitenge, halafu mkasema, "Mama Lwidiko, tuandikie na sisi ulivyoanza." Kitenge nimeshashona. Saa inakwenda. Imebaki kuandika, nami ninaandika. Habari za vyeo na barua za kupandishwa daraja mtazikuta kwenye faili langu pale ofisini. Ni faili jembamba, halitawachelewesha. Hapa nitaweka mambo ambayo hayakuingia kwenye faili, hasa lile moja ambalo nilijitahidi sana lisiingie.

Nilianza kazi Njombe mjini, mchapaji katika shirika moja la umma. Siku ya kwanza ilikuwa katikati ya baridi ya mwezi wa saba, na nilifika nimevaa sweta mbili na koti juu yake. Msimamizi wetu, Bwana Komba, alinitazama nikihangaika na taipureta, akaniambia kwa upole, "Dada, vua moja. Mikono haikunjiki." Huo ndio ushauri wa kwanza wa kitaalamu niliopewa katika maisha yangu ya kazi.

Bwana Komba ndiye aliyekuwa anazitengeneza taipureta zote za jengo lile. Kabla hajatoa hata springi moja alichukua karatasi, akachora ilivyokaa, akaandika pembeni ilikuwa inashika nini. Ndipo alipogusa. Akimaliza, alirudishia kwa kufuata mchoro wake. Alituambia sisi wasichana wa chumba cha wachapaji kwamba kazi ya fundi ni kuhakikisha kitu kinaweza kurudi kilivyokuwa, kutengeneza kunafuata baadaye. Mimi nilimwona mzee mwenye kupoteza muda. Nilikuwa nachapa haraka kuliko wote mle ndani, na mtu mwepesi huona kila mwingine amelala.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Mashirika yakauzwa, na la kwetu likauzwa. Wakaja watu wenye tai kuhesabu viti na meza, na baada ya viti wakatuhesabu sisi. Meneja mpya alituita ukumbini akauliza nani anajua kompyuta. Kompyuta niliyokuwa nimeiona mpaka siku ile ilikuwa moja tu, ofisini kwa meneja aliyeondoka, nayo ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikanyoosha mkono.

Kesho yake niliwekwa mbele ya mashine hiyo, meneja amesimama nyuma yangu na glasi yake ya chai ameiweka mezani. Nikaanza kuchapa barua. Nilipofika mwisho wa mstari, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kusukuma ule wenzo wa taipureta unaorudisha karatasi. Ukaikuta glasi. Meneja alifuta suruali yake kimya kimya, kisha akaniuliza kozi yangu nilisomea wapi. Nilimjibu kwamba ilikuwa kozi fupi.

Nikajifunza kwa kitabu cha maelekezo, saa za chakula, neno kwa neno, kamusi ya Kiingereza mapajani. Baada ya mwaka mmoja hata mimi nilipunguzwa, pamoja na wale ambao hawakunyoosha mkono. Ila wakati huo nilikuwa najua kitu.

Nikaenda Makambako. Pale, karibu na stendi, Mzee Shabani alikuwa amefungua duka la kuchapa na kutoa nakala. Alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye malori mawili ya mizigo, ambaye alifika Makambako akiwa dereva na akabaki akiwa tajiri wa wastani. Alikuwa na kompyuta mbili na hakujua kuziwasha. Aliniajiri kwa maswali mawili. La kwanza, kama ninaweza kuamka mapema. La pili, kama nikikosea huwa nasema. Nilijibu ndiyo yote mawili. La kwanza lilikuwa kweli.

Siku za kazi nilikaa Makambako, Jumamosi narudi nyumbani kwangu mtaa wa Ramadhani, pale Njombe. Dukani tulichapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mikataba ya mbao, na malalamiko ya kila aina. Kila mteja alikuja na disketi yake mfukoni, na kila disketi ilikuwa na virusi. Kirusi kimoja kiliingia na kadi ya mwaliko wa harusi, kikala mashine zote mbili kabla ya siku ya harusi yenyewe. Nikawa naweka upya mfumo karibu kila wiki, kwa nakala ya kuazima ambayo wote tulijua haikuwa halali, na kila tukiweka toleo jipya mashine inazidi kuwa nzito.

Siku moja abiria mmoja aliyekuwa anasubiri treni iliyochelewa alikuja kutoa nakala za vyeti vyake, akasahau gazeti la kompyuta juu ya kaunta. Ndani lilikuwa na sidii. Nikasoma lile gazeti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lilieleza habari za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao watu wa nchi mbalimbali wanauandika pamoja na kuugawa bure. Unakubali mashine nzee, na vile virusi vyetu haviujui. Nikampelekea Mzee Shabani habari hizo kama mtu aliyeokota dhahabu Liganga, mahali ambapo kinachojulikana ni chuma.

"Nani anauuza?" akaniuliza.

"Hauuzwi, Mzee. Wanautoa bure."

"Wanautoa bure ili baadaye wafanye nini?"

"Hakuna baadaye. Wanaandika, wanagawana, basi."

Alifikiri kidogo. Siku zile kila kitu kilikuwa kinauzwa, hata mageti ya viwanda vilivyofungwa. "Mimi barabarani hata upepo wa tairi nimenunua," akasema. "Haya, weka kwenye ile mbovu. Ikifa, ilishakufa."

Ile mbovu ilikubali mara ya tatu. Mara ya kwanza skrini ilibaki nyeusi, mara ya pili ilijaa maandishi kama mvua, mara ya tatu ikafunguka, safi, nyepesi, na haikuugua tena. Kuanzia siku ile sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilihubiri habari za mfumo huria kwa wateja, kwa makondakta, kwa mwenye mashine ya kusaga ambaye hakuwa na kompyuta wala nia ya kuwa nayo. Mara moja katika maisha niliwahi kujua kitu ambacho hakuna mwingine Makambako alikuwa anakijua, na nilitaka ijulikane.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Mligo.

Alikuwa jirani yangu Ramadhani, mwalimu mstaafu, mjane, na mwalimu wa kwaya ya usharika wetu tangu mimi ni mtoto. Alitunga nyimbo zake mwenyewe kwa nota za do re mi, sauti zote nne, akaziandika ubaoni kwa chaki, kwaya wakazishika kwa kichwa, ubao ukafutwa. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye kwaya yake majuma matatu nikiwa darasa la tano. Aliniita pembeni akaniambia kwamba ninaweza kumtumikia Mungu kwa kufagia.

Wageni wa usharika kutoka ng'ambo walikuwa wamemletea kompyuta iliyotumika. Macho yake yalikuwa yanafifia, na kwenye skrini aliweza kukuza herufi zikawa kubwa kama vikombe. Basi kwa miaka miwili alizichapa nyimbo zake humo, moja moja, kwa vidole viwili. Nyimbo mia moja na kumi na mbili. Alipomaliza aliniuliza afanye nini na madaftari ya zamani, ambayo mchwa walikuwa wameshayaanza. Nikamwambia, na ninayakumbuka maneno yangu vizuri, "Mwalimu, karatasi ni mambo ya zamani." Akayawashia moto jikoni, daftari baada ya daftari. Njombe kuni zikiwa mbichi, karatasi ni msaada.

Kisha mashine yake ikapata virusi. Ilichukua muda wa kunywa chai nzima kufungua wimbo mmoja, na siku nyingine ilizimika katikati ya ubeti. Nikamwambia asihuzunike, nitamwekea mfumo mpya, wa bure, Jumamosi ijayo.

Nilifika asubuhi na disketi sita za kunakilia nyimbo kabla ya kugusa chochote. Mnaona kwamba sikuwa mjinga kabisa. Kwenye skrini kulikuwa na kijipicha kimoja cha folda, chini yake kimeandikwa NYIMBO. Nikakinakili kwenye disketi. Ikachukua sekunde moja. Nyimbo zote mia na kumi na mbili zikaenea kwenye disketi moja, tena nafasi ikabaki tele. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimwambia Mwalimu kwamba maandishi hayana uzito.

Nikatia sidii. Mashine ikauliza, kwa Kiingereza, kama nitumie sehemu ya diski au diski yote. Mwalimu alikuwa amekaa kando yangu, miwani yake minene imeelekea skrini, na sikutaka anione nasita. Nikajibu diski yote. Ikauliza kama nina hakika. Nikajibu nina hakika.

Mfumo uliingia vizuri kuliko nilivyowahi kuuingiza popote. Ilikuwa haijafika saa sita. Mwalimu akasema, "Haraka namna hii?" Nikacheka kidogo kama fundi aliyezoea kusifiwa. Nikatia disketi yangu, nikafungua.

Ndani kulikuwa na faili moja, dogo kuliko jina langu. Wale wenye kazi hii mmeshaelewa. Kijipicha kile hakikuwa folda yenyewe. Kilikuwa njia ya mkato, kibao kinachoonyesha folda iko wapi. Nilikuwa nimenakili kibao, kisha nikabomoa nyumba.

"Fungua ule wa mavuno," akasema Mwalimu.

Nilimwambia kwamba mashine bado inajipanga, na kwamba ni vizuri niende nayo Makambako ikakaguliwe. Nikalifunga lile boksi la kompyuta kwenye shuka lake mwenyewe Mwalimu, nikapanda Coaster, nimelipakata. Abiria mmoja aliniuliza kama ni mgonjwa niliyembeba.

Siku mbili nilijaribu kila nilichokijua, jambo ambalo halikuhitaji siku mbili. Mzee Shabani aliniona sili. Siku ya pili alivuta kiti akakaa upande wa wateja, nikamweleza yote.

"Yeye anajua?" akauliza.

"Bado. Nilikuwa natafuta namna ya kuzirudisha kwanza."

"Zinarudi?"

"Hazirudi, Mzee."

"Basi huku umeleta nini?" akasema. "Mashine haina shida. Kuna mzee kule amekaa anaisubiri. Nenda leo. Duka nitakaa mwenyewe, nitawaambia watu mashine zimelala."

Nilifika Ramadhani jua bado liko juu. Mwalimu alikuwa nje anapepeta maharage kwa kugusa zaidi kuliko kwa kuona.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Mama Lwidiko. Imepona?"

Nikaweka boksi chini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, ya virusi, ya diski, ya umri wa mashine. Nikasema, "Mwalimu, nimezifuta nyimbo zako. Si mashine, ni mimi. Nilidhani nimenakili, kumbe sikunakili."

"Ngapi?"

"Zote."

Aliendelea kupepeta. Ungo ulizunguka mara tatu, mara nne. Kisha akauweka kwenye jamvi akafuta mikono kwenye suruali. Akasema bila kuniangalia, "Nenda nyumbani kwanza."

Nikalipakata tena lile boksi, nikaenda. Sijui kama mmewahi kumkosea mtu ambaye hakugombi. Siku nne, bila kurudi dukani, nilipita mbele ya nyumba ile nikiangalia upande wa pili wa barabara, na Jumapili nilikaa kiti cha mwisho kanisani nyuma ya nguzo. Kwaya iliimba ule wa mavuno. Katikati ya wimbo, kwa mara ya kwanza tangu nitolewe kwaya, nilisikiliza kila sauti peke yake, na nikaelewa kwamba ninasikiliza kitu ambacho nilikuwa nimesema hakipo tena.

Baada ya ibada nilimfuata kwenye ngazi. "Mwalimu," nikasema, "wanazijua. Wewe waimbishe, mimi nitachapa."

Akaniuliza, "Nota unazijua?"

"Sizijui."

"Nilijua huzijui," akasema. "Njoo Jumamosi. Njoo na mashine."

Ikawa kila Jumamosi alasiri, msimu mzima wa baridi, sebuleni kwake, jiko la mkaa katikati. Walikuja kwa zamu ya sauti. Sauti ya kwanza, sauti ya pili aliyoiongoza Mama Anyesi, sauti ya tatu, na besi ambayo kiongozi wake alikuwa Kiswaga, mpasua mbao mwenye kifua kama pipa. Waliimba mstari, Mwalimu akafumba macho akataja nota, mimi nikachapa. Mwanzoni nilikuwa naandika "so" mahali pa "fa", akasikia kwa jinsi nilivyomsomea, akanirudisha. Mchapaji aliyejivunia mwendo wake alikuwa anachapa mistari minne kwa saa, na Mama Anyesi alinong'ona kwa sauti ambayo alijua naisikia kwamba kama ni hivi, tutamaliza Yesu amesharudi.

Mashine ile haikugoma hata siku moja. Ule mfumo wa bure ulifanya kazi kama nilivyokuwa nimeahidi. Nalisema hilo kwa ajili ya haki yake, maana kosa halikuwa lake.

Juma la tano kulitokea ugomvi. Kiswaga aliimba besi ya wimbo mmoja wa Noeli, Mwalimu akafumbua macho.

"Hiyo si besi yangu."

"Ndiyo tunayoimba, Mwalimu."

"Tangu lini?"

Kiswaga aliangalia viatu vyake. "Tangu nilipoingia kwaya. Ile yako ilikuwa inashuka mno, nikaipandisha. Wenzangu wakanifuata."

Ilikuwa miaka kumi na minne. Mwalimu alimwambia arudie. Akarudia, mtu mzima anaimba huku anatoka jasho kwenye baridi ile. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia. "Iandike kama anavyoimba," akasema. Kisha akaongeza, "Ila andika pembeni kwamba ni ya Kiswaga, nisije nikalaumiwa."

Tulizipata nyimbo tisini na nane. Kumi na nne zilikuwa zile alizotunga miaka ya mwisho na hakuwahi kufundisha. Alikaa nazo majuma mawili, akakumbuka ubeti hapa na kipande pale, akasema ziachwe. Mpaka leo nikiulizwa nimefanya kazi kwa uaminifu miaka mingapi, huwa nazipunguza zile kumi na nne kichwani kabla ya kujibu.

Jumamosi ya mwisho, watu walipokuwa wanavaa makoti, akaniambia nisizime mashine. Akasema kuna mmoja katika zile kumi na nne anaoutaka. Alimtungia mkewe baada ya kumzika, na hakuwapa kwaya kwa sababu aliona ni jambo la nyumbani. Sauti ya kwanza alikuwa anaikumbuka yote. Besi pia. Zile mbili za katikati zilikuwa zimeondoka.

Akaimba sauti ya kwanza mwenyewe, sauti ya mzee, nyembamba, nami nikachapa. Kisha besi, akimwelekeza Kiswaga. Mama Anyesi akasema taratibu, "Mwalimu, ya pili tunaweza kuitafuta. Si kazi kubwa."

"Hapana," akasema. "Sitaki ya kubuni. Acheni nafasi."

Nikaacha mistari miwili mitupu kati ya ile miwili. Nilitoa nakala dukani kwa Mzee Shabani, akaziangalia zile nafasi nyeupe akaniuliza kama wino umeisha. Nikamweleza. Akasema basi nakala hizo tusizikunje.

Pasaka iliyofuata Mwalimu aliwasimamisha kwaya wauimbe. Sauti ya kwanza na besi tu, wengine wamefumba midomo. Mnajua wimbo wa sauti mbili unavyosikika katika kanisa ambalo watu wake wamezoea nne. Ubeti wa kwanza ulipita hivyo, mkavu, watu wametulia. Ubeti wa pili, mahali fulani upande wa wanawake, katikati ya mabenchi, mama mmoja alianza kuvuma chini chini, bila maneno. Jirani yake akamfuata. Ikaenda benchi hadi benchi, kisha wanaume nao wakaingia na yao, na hakuna aliyekuwa ameambiwa. Mwalimu aliacha kuongoza kwa mkono. Aligeuka akaangalia watu, au tuseme alielekea kwenye sauti, maana sura hakuwa anaziona tena, na kwaya wakajiongoza wenyewe mpaka mwisho.

Ibada ilipoisha alinikuta mlangoni akanishika mkono wa sweta.

"Umeisikia ile ya pili?"

"Nimeisikia, Mwalimu."

"Umeiandika?"

Nilikuwa sijaiandika. Nilikuwa nimesimama tu nalia, sina hata kalamu. Nikamwambia hivyo.

Akaniacha pale, akarudi ndani akipapasa ncha za mabenchi. Nusu ya watu walikuwa wameshatoka nje wanasalimiana juani. Nikasikia sauti yake ya ualimu, ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu darasa la tano, ikiwaomba warudi wakae.

Wakarudi.